Wapangaji wa Bwawa la Tatu

Kazi ya kutunza mabwawa ya maji machafu haina wagombeaji. Ikitangazwa, karatasi hukaa ubaoni mpaka jua lipaushe maandishi. Ndivyo Shangazi alivyoipata, miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya kufiwa na mume. Alienda ofisi ya maji kuulizia kazi yoyote, akaambiwa ipo moja, akasema naitaka kabla hajaambiwa ni ipi. Alipoambiwa hakubadili neno. Hilo jina la Shangazi nalo alilipatia hukohuko, kwa ile tabia yake ya kumuuliza kila anayekanyaga pale kama amekula, na siku hizi hata watu waliomzidi umri humwita hivyo.

Mabwawa yenyewe ni matatu, yamepangana kama ngazi, moja chini ya jingine, nje kidogo ya mji. Maji yote ya vyoo na majiko ya mji huteremka kwa bomba moja kubwa hadi bwawa la kwanza, ambalo ni jeusi, na uchafu mzito hutua humo. Yanayobaki huvuka kwenda la pili, ambalo rangi yake ni vigumu kuitaja. Halafu la tatu, la kijani. Kutoka hapo maji huingia kijitoni, na sharti yawe meupe kiasi cha mtu kuona kidole chake upande wa pili wa chupa. Kuhusu harufu, maana watu huuliza sana habari ya harufu, Shangazi huwajibu kuwa ni ya siku tatu tu. Siku ya nne pua hukubali yaishe.

Kazi yake ni kuopoa mapovu na takataka kwa wavu wa mpini mrefu, kufyeka majani ya kingoni, kuzibua wavu wa chuma pale bomba linapoingilia, na kufukuza ng'ombe wa watu. Hupewa buti mpya kila mwaka, na kila mwaka huwa zimemzidi kwa namba mbili. Kazi ile huja pia na nyumba ya vyumba viwili karibu na lango. Humo ndimo alimolelea watoto watatu, na wote wameshaondoka.

Aliyemfundisha kazi ni mzee mmoja aliyeitwa Babu Buti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona nyayo zake. Babu Buti hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa akikuonyesha jambo mara moja, anakuuliza umeona, ukisema sijaona vizuri anakwambia basi kesho. Yeye ndiye aliyemwonyesha kuwa ule ukijani wa bwawa la tatu si rangi, ni viumbe. Ni wadogo kiasi kwamba tone moja la maji hubeba maelfu, na wanatembea. Asubuhi jua likiwa changa hupanda juu wote, na uso wa bwawa huwa kama umepakwa rangi ya mlango. Jua likiwa kali hushuka, uso ukabaki mweupe, halafu alasiri hupanda tena.

"Ni wapangaji hawa," alimwambia. "Asubuhi hutoka barazani kuota jua. Mchana likichoma, hurudi ndani. Ndio wanaosafisha haya maji. Usipokaa vizuri na wapangaji, nyumba inakufia."

Jambo jingine alilomwonyesha ni shingo. Maji ya bwawa la tatu hutokea kwenye bomba lililopinda, mdomo wake uko ndani ya maji, na bomba hilo, ndiyo shingo yenyewe, huzunguka. Ukilizungusha huku, mdomo huzama kiasi cha mkono mzima. Ukilizungusha kule, mdomo hupanda mpaka chini kidogo ya uso wa maji. Kulifikia hushukwa ngazi ya vidaraja saba vya zege. Babu Buti alikuwa na sheria moja: asubuhi shingo chini, saa nne shingo juu, saa kumi jioni shingo chini. Kwa nini, hakusema. Shangazi naye hakuuliza. Alishuka vidaraja vile mara mbili kila siku, hata Babu Buti alipostaafu, hata alipofariki, kama mtu anavyofunga mlango bila kufikiria mwizi.

Kisha mwaka huu, mvua zilipokwisha, vidaraja vikaota utelezi. Asubuhi moja mguu ulimkimbia, akakaa chini kwa kishindo, na goti la kushoto likaanza kulalamika na halikunyamaza tena. Wiki ya kwanza hakushuka. Akakagua bwawa, akaona halina neno. Wiki ya pili akajisemea kuwa Babu Buti alikuwa mzee mwenye mambo yake. Si ndiye aliyekuwa akiyaamkia mabwawa kila asubuhi, moja moja, na kulisubiri la pili lijibu? Basi shingo nayo ilikuwa mojawapo ya mambo yale. Akaiacha chini moja kwa moja.

Kila baada ya miezi miwili huja binti wa maabara kwa pikipiki, na sanduku la chupa nyuma. Huanzia mabwawa ya upande wa pili wa mji, kwa hiyo kwa Shangazi hufika saa sita au saa sita na nusu. Hukinga maji yanayotoka bombani na kwenda kuyapima. Kwa miaka mingi majibu yalikuwa hata hayaletwi, maana yalikuwa mazuri. Sasa yakaja. Chupa ya kwanza baada ya mvua ilikuwa ya kijani kama mchuzi wa mboga. Ya pili ikawa hivyohivyo.

Ndipo ikafika barua ya msimamizi. Msimamizi ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Barua ilisema maji yanayoingia kijitoni yamejaa ukijani kwa sababu ya uzembe wa mhudumu, na kwamba sampuli ijayo ikiwa mbaya, mhudumu atahamishiwa karakana kuosha magari, na nyumba ataikabidhi mwisho wa mwezi.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Kustaafu kulikuwa kumebaki mwaka mmoja na miezi mitano. Karakana aliijua: sakafu ya zege iliyolowa kutwa, na yeye na goti lile. Lakini kilichomchoma zaidi ni neno uzembe. Alishinda kingoni na wavu wiki ile yote, akiopoa mpaka majani yaliyokuwa hayajaanguka vizuri. Maji yakaendelea kutoka ya kijani kila mchana.

Jumatatu, siku tatu kabla ya binti wa maabara kuja, shemeji yake alipita. Huyu ni mdogo wa marehemu mumewe, fundi viatu, ambaye Jumatatu hafungui kibanda na hujikuta ana njaa karibu na nyumba ya Shangazi. Walikaa ukingoni mwa bwawa la tatu, upande wa juu wa upepo, kila mmoja na sahani yake ya bati.

"Shemeji, wewe peke yako duniani unayekaribisha wageni chooni," alisema fundi viatu.

"Na wewe peke yako unayeitika."

"Nakuja kwa heshima ya marehemu kaka yangu."

"Marehemu kaka yako hakuwa akila sahani mbili."

"Alikuwa hapewi." Akatafuna, akatazama maji. "Ile barua umeijibu?"

"Niijibu nini? Nimwambie sijazembea? Chupa yenyewe inasema nimezembea."

"Mwambie wapangaji wako ndio wakorofi. Wafukuzwe."

"Wakifukuzwa haya maji yatanuka mpaka kwenye kibanda chako."

"Kibandani kwangu wateja wanavua viatu, shemeji. Hakuna atakayejua tofauti."

Shangazi alicheka bila kutaka, na katika kucheka akanyoosha ule mguu wa goti bovu, mguu ukaisukuma sahani yake iliyokuwa imekwisha chakula, nayo ikateleza kwenye ukingo na kuingia bwawani. Ilikuwa sahani nyeupe. Wote wawili waliinama kuiangalia ikizama. Ilishuka polepole, ikiyumba huku na huku, na ilionekana vizuri kabisa, hata ua la bluu lililochorwa katikati. Ilipofika kina cha mkono hivi, ikapotea ghafla, kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango.

"Imekwenda hiyo," alisema fundi viatu. "Usinitazame, mimi sivui shati."

Shangazi hakuwa akimtazama. Alikuwa bado ameinama. Ilikuwa saa sita na robo, jua liko utosini. Maji ya juu meupe, ya chini kijani, na ule mpaka kati yao ulikuwa umekatwa kama kwa kisu. Alijua siku zote kuwa mchana wapangaji hushuka. Kitu ambacho hakuwahi kujiuliza katika miaka kumi na tisa ni wanashuka mpaka wapi. Akageuza kichwa taratibu akatazama bomba. Mdomo wake ulikuwa palepale. Kina cha mkono.

"Shemeji," alisema, "nishike nishuke vile vidaraja."

"Unafuata sahani?"

"Nishike tu."

Alishuka ameegemea bega la fundi viatu, akalikamata bomba lililokuwa limeshika kutu, akalizungusha. Liligoma, kisha likakubali. Mdomo ukapanda. Maji yanayomwagika upande wa pili yaliendelea kuwa ya kijani kwa muda wa kuhesabu mpaka mia, maana yaliyokuwa njiani ni yaleyale, halafu yakaanza kupauka, halafu yakawa meupe. Alikinga kwenye kikombe chake cha kioo, akatia kidole nyuma, akakiona.

Aliketi kwenye kidaraja cha chini akiwa na kikombe mkononi. Furaha ilikuja, lakini haikuja peke yake. Maana kama shingo ndiyo dawa, basi ugonjwa aliuleta nani?

"Mbona umenuna na maji yamekuwa mazuri?" aliuliza shemeji yake.

"Barua ile ni ya kweli," alisema Shangazi. "Ni mimi kweli."

Fundi viatu ni mtu wa mizaha, lakini hapo aliiweka kando. "Sasa hilo anajua nani? Alhamisi weka bomba juu, chupa itoke nyeupe, ukae kwenye nyumba yako. Hukuiba."

Shangazi aliona shauri lile ni zuri. Alhamisi saa nne alishuka vidaraja kwa makalio, kidaraja kimoja kimoja, akapandisha shingo. Saa sita na dakika ishirini binti wa maabara akafika. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, asiyejua kuficha uso. Alikinga chupa, akaiinua juani, akaitazama, akaitazama tena.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimefanya kazi yangu, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula mjini." Akaandika namba kwenye chupa. "Afadhali yako. Kule upande wa pili bado ni mchuzi mtupu. Yule mhudumu wao naye ana barua."

Mhudumu wa upande wa pili alikuwa mtu wanayemwita Kimya, ana mwaka mmoja tu kazini, na mke anayenyonyesha. Kule pia shingo ipo, ni mabwawa ya ramani moja. Ila Babu Buti hakuwahi kufika kule, na aliyemtangulia Kimya aliondoka kwa hasira bila kumwonyesha mtu chochote.

Ijumaa msimamizi mwenyewe alikuja kwa gari, amechangamka. Alimpa mkono.

"Hongera, Shangazi. Unaona? Wakati mwingine mtu anahitaji kusukumwa kidogo. Barua imefanya kazi."

"Ndiyo, bosi."

"Wa upande wa pili nimemwandikia mara mbili, hasikii. Jumatatu namwondoa. Wewe ulibadilisha nini hasa, ili nimwambie atakayekuja?"

Shangazi alikuwa ameshika wavu. Aliusimamisha, akauegemea. Angeweza kusema aliongeza bidii. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa na nyumba ndani yake, vyumba viwili. Lakini akilini aliona pia mke wa Kimya anatoa vyombo nje, na mtoto mgongoni.

"Bosi," alisema, "barua haikufanya kitu. Niliopoa wiki nzima maji yakabaki vilevile. Ni bomba. Asubuhi linatakiwa liwe chini, saa nne lipande juu, saa kumi lirudi chini. Nilifundishwa hivyo na nilikuwa nafanya. Goti liliponiuma nikaacha, miezi mitano. Nilidhani ni mambo ya kizee. Huyo Kimya hana kosa, hakuna aliyemwonyesha."

Msimamizi aligeuka akalitazama bomba. "Kwa hiyo uzembe ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Na mimi sikuujua ulipo."

"Hukuujua, bosi. Hata mimi nimeujua Jumatatu."

Msimamizi hakuwa mtu wa kuamini bomba kwa maneno. Alimpandisha Shangazi kwenye gari na ndoo ya maji ya bwawa la tatu miguuni, madirisha yote wazi, wakaenda maabara. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu na dirisha linalotazama mashariki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Shangazi kuingia. Alivua buti mlangoni.

Binti wa maabara alimimina maji kwenye mtungi wa kioo, akauzungushia karatasi nyeusi yenye tundu dogo ubavuni, akauweka mbali na dirisha, mwanga wa kawaida. Wakanywa chai. Alipoondoa karatasi, wapangaji walikuwa wamekusanyika wote penye tundu, doa la kijani sawasawa na umbo lake, kwingine kote maji meupe. Kisha akauhamishia mtungi dirishani, jua likaupiga. Muda si mrefu doa likavunjika, wakahamia upande wa kivuli, upande wa chumba.

Msimamizi aliweka kikombe chini. "Wana akili hawa?"

"Hawana hata ubongo," alisema binti. "Hawana jicho pia. Kila mmoja ni seli moja tu, hana kiungo cha ziada. Shangazi, njoo uone."

Akamketisha kwenye hadubini. Mwanzo Shangazi aliona kope zake mwenyewe. Kisha akawaona. Alikuwa ameishi nao miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwona hata mmoja uso kwa uso. Walikuwa warefu, wembamba kama jani changa la mwarobaini, kijani, na mbele kila mmoja alikuwa na mjeledi mwembamba aliokuwa akiuchapa na kujivuta nao. Karibu na shina la mjeledi kulikuwa na kidoa chekundu.

"Hicho chekundu ni kama mkono unaoweka juu ya uso ukitazama jua," alieleza binti. "Penyewe panapohisi mwanga ni pembeni yake, hapo shinani. Anaogelea huku anajizungusha kama msumari wa skrubu. Kila akizunguka, kile kidoa kinapita na kutia kivuli. Kivuli kikija na kuondoka, anajua mwanga uko upande gani, anageuza mjeledi. Mwanga wa kiasi anaufuata, maana ndio anaotengenezea chakula. Ukizidi unamuunguza, anaukimbia. Anakwenda mpaka pale panapomfaa, anabaki."

"Kina cha mkono," alisema Shangazi, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

"Kwa bwawa lako, mchana wa jua kali, ndiyo. Siku ya mawingu itakuwa juu zaidi."

"Siku ya mawingu Babu Buti hakuwa akipandisha shingo. Nilidhani ni uvivu wake."

Hakuna aliyecheka, ingawa msimamizi alikaribia. Alitoa kalamu yake mfukoni, akaitazama kalamu, akairudisha. Alisema uhamisho wa karakana umefutwa, na wa Kimya pia. Ile barua aliyoandikiwa Shangazi itabaki kwenye faili, kwa sababu ni ya haki, ingawa iliandikwa kwa kosa jingine. Shangazi akasema ni sawa. Na Jumatatu, badala ya kumwondoa Kimya, gari lingempeleka Shangazi kule akamwonyeshe.

"Na goti?" aliuliza binti.

Goti lilishughulikiwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja Jumamosi akaunga mpini mrefu kwenye bomba, ukapanda mpaka juu ya ukingo, hivi kwamba mtu husimama pakavu na kuzungusha shingo kama anafungua koki. Kazi ya saa moja. Miaka yote hiyo ingewezekana, ila hakuna aliyejua kuwa kuna mtu anashuka pale.

Jumatatu Shangazi alifika kwa Kimya saa sita kasoro robo, akateremka garini akiwa na buti zake na sahani nyingine nyeupe ya bati aliyoitoboa ukingoni na kuifunga kamba. Kimya alimsalimia, akaitazama ile sahani, na kwa mtu wa jina lake alisema maneno mengi.

"Shikamoo Shangazi. Karibu. Lakini chakula bado hatujapika."

"Marahaba. Hii si ya kula," alisema Shangazi. "Sogea huku ukingoni, nikuonyeshe wapangaji wako wanakaa wapi. Tutaishusha mara moja. Usipoona vizuri useme, tutarudia sasa hivi, hatungoji kesho."